Maswali Yenu kwa Mwalimu: Anasoma, au Anaimba?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wazazi wenye watoto wa darasa la kwanza na la pili. Nimechagua zile zenye maelezo ya kutosha. Ninyi mnaoandika "mwanangu hajui kusoma, nifanyeje?" na kuishia hapo, niambieni basi anakwama wapi: kwenye herufi, kwenye silabi, au kwenye sentensi? Hata daktari haandiki dawa kwa kuambiwa tu "naumwa".

*Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko darasa la kwanza, muhula wa pili. Kitabu chake cha kusoma anakimaliza chote bila kukosea hata neno, nami nilikuwa najivunia. Juzi nikamwandikia sentensi kwenye karatasi, maneno ni yaleyale ya kitabuni. Akaitazama, akanitazama, akanyamaza. Shuleni wanasema anaendelea vizuri. Nimwamini nani?*
*Mama Binti*

Marahaba, Mama Binti. Iamini hiyo karatasi yako. Binti hasomi bado, anaimba. Amekikariri kitabu chote, na hilo si jambo dogo: mtoto mwenye kichwa cha kukariri kurasa zote hizo hana upungufu wowote wa akili. Upungufu uko kwenye namna alivyofundishwa.

Ukitaka kuhakikisha, fungua kitabu chake ukurasa wa katikati, funika picha kwa kiganja, umwoneshe kwa kidole neno moja lililo karibu na mwisho wa mstari. Usimtazame machoni, tazama midomo. Mtoto anayesoma atakwenda moja kwa moja kwenye lile neno, hata kama atalitamka polepole. Mtoto aliyekariri atarudi mwanzo wa mstari, na utaiona midomo ikichezacheza bila sauti mpaka afike penye kidole chako, hapo ndipo atalisema kwa nguvu. Fanya hivyohivyo na silabi. Andika bu, bo, ba. Akikujibu "ba, be, bi" ujue macho yake hayakuwa kwenye karatasi hata kidogo.

Mara nyingi mambo hufika hapo kwa njia moja: darasa zima kusomeshwa kwa pamoja kwa sauti ya juu. Watatu wanne wanaojua wanatangulia, wengine wanadakia nyuma yao kwa kasi ambayo sikio la mwalimu haliwezi kuitambua. Mwalimu anasikia sauti moja nzito, anaridhika. Sisemi kusoma kwa pamoja kuachwe kabisa, maana mtoto mwenye aibu hupata ujasiri humo. Ila kama hakufuatwi na mtoto mmojammoja kusoma peke yake, hicho ni kipindi cha muziki.

Sasa la kufanya. Kile kitabu kiweke kabatini kwa muda, kimeshaharibika kwake. Anza na herufi nne tu: a, i, m, l. Mfundishe sauti, si jina. M ni "mmmm", midomo imefumbwa. Si "em", wala si "ma". L ni "llll". Nimezichagua hizi kwa sababu zinavutika: unaweza kuishikilia m mpaka pumzi iishe, kisha ukateremkia kwenye a bila kukata sauti, na mtoto akasikia kwa masikio yake namna mmmm na aaaa zinavyozaa ma. Jaribu kuivuta b au t uone. Haivutiki, inapasuka na kwisha, na ukiilazimisha unajikuta umesema "be" au "ti". Ndiyo maana sioni faida ya kufuata mpangilio wa a, b, ch, d kwa mtoto anayeanza kusoma. Huo unafaa kwenye kamusi.

Na usidhani herufi nne ni chache. Zinakupa mama, lala, lima, lia, mila, mali, mlima. Zinakupa sentensi kamili: Ali alilala. Mama alilima. Mama alimlilia Ali. Hebu ihesabu mwenyewe hiyo ya mwisho, hakuna herufi ya tano ndani yake. Mtoto akishaisoma hiyo kwa kuunganisha sauti mwenyewe, bila wimbo, utamwona anashtuka. Ongeza k na s, mpate simama, sikia, kilima, kisima. Herufi mpya isiingie mpaka za zamani zimekaa.

Kata vipande vya karatasi, kila kimoja silabi moja. Panga li na ma, asome lima. Vibadilishe nafasi, asome mali. Baadaye ka na ta: kata, taka. Hapo wimbo hauwezi kumsaidia, inambidi atazame. Dakika kumi kila siku zinatosha, na muache angali anataka kuendelea. Shuleni nenda ukaongee kwa upole. Mwombe mwalimu amsikilize peke yake kwa neno ambalo halimo kitabuni, ataona mwenyewe.

*Mwalimu, mwanangu wa kiume ana miaka sita. Anaandika b mahali pa d, tarakimu 3 inageukia upande mwingine, na siku nyingine jina lake lote linaanzia kulia. Isitoshe anaandika kwa mkono wa kushoto. Bibi yake anasema huo mkono ufungwe atumie wa kulia na herufi zitanyooka zenyewe. Mke wangu anahofia ana tatizo kichwani.*
*Baba Mwenye Wasiwasi*

Wasiwasi uweke chini, baba. Kwa umri huo herufi kugeuka ni kawaida, kwa watoto wa mkono wa kulia na wa kushoto pia. Tangu azaliwe, ubongo wake umejifunza kwamba kitu hakibadiliki kwa kugeuka. Kikombe ni kikombe, mkono wake uelekee kushoto au kulia. Ubongo ungekuwa hauelewi hivyo, kila akihama kiti angedhani ameingia nyumba nyingine. Herufi ndizo vitu vya kwanza kumwambia kinyume: kijiti kilekile na tumbo lilelile, likiwa upande huu ni b, likiwa ule ni d. Inambidi asahau jambo ambalo limemfaa maisha yake yote, na hilo huchukua muda. Watoto wengi huachana nalo wakifika miaka saba au nane hivi. Akipita hapo bado anageuza, tena kusoma kwenyewe kunamshinda wakati wenzake wanasonga, hapo tafuta mtaalamu.

Kosa la walimu wengi ni kuziweka b na d ubaoni bega kwa bega na kusema "angalieni tofauti". Umeshawachanganya. Fundisha b peke yake, mpaka mkono wenyewe uijue, ndipo ulete d wiki nyingine kabisa. Na zisianzie mahali pamoja. B inaanza na kijiti: shuka, panda, zunguka. D inaanza na tumbo, kama unaandika c, kisha unapanda juu na kushuka. Mkono ukizoea kuanza tofauti, jicho nalo litafuata. Aziandike kubwa kwanza, kwa kidole hewani, kwa chaki ubaoni, bega zima likizunguka. Daftari lenye mistari myembamba lisubiri.

Kuhusu bibi, heshima yake iko palepale, ila mkono usifungwe. Kuandika kwa mkono wa kushoto si ugonjwa wala utundu, na kumlazimisha abadili kutamwongezea kazi ya pili juu ya ile ya kujua herufi. Msaidie kwa mambo haya: karatasi ikae kidogo upande wa kushoto wa kifua chake, iinamishwe hivi kwamba kona ya juu ya kushoto iwe juu kuliko ya kulia. Penseli aishike mbali kidogo na ncha, aweze kuona anachoandika badala ya kukifunika kwa ngumi. Na darasani aketi mwisho wa dawati upande wa kushoto, kwa sababu akiwekwa kulia viwiko vyake na vya jirani vitagongana siku nzima, na yeye ndiye atakayeambiwa mtundu.

*Mwalimu nina swali fupi. Mtoto wangu ana miaka mitatu na nusu, nimemnunulia daftari na penseli lakini hataki kukaa. Nimchape?*
*Mzazi*

Usimchape. Penseli iweke. Zungumza naye, mhadithie, mwimbie, mpigie makofi ya silabi: ka-la-mu, makofi matatu. Akifika miaka mitano muulize, "ukitoa ka kwenye kalamu inabaki nini?" Akikujibu "lamu" huku anacheka, msingi wa kusoma umeshaanza kujengwa, na hajagusa daftari.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu mpya, nimepewa darasa la pili, watoto ni wengi kuliko madawati. Nikiandika sentensi ubaoni wananakili vizuri sana, hati safi. Nikiwapa imla naona maajabu: nguwo, chukuwa, fagiya, mgu badala ya mguu, ngombe badala ya ng'ombe. Kila siku narudi nyumbani na mzigo wa madaftari, nasahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka usiku, na kesho yake makosa ni yaleyale.*
*Mwalimu Mpya*

Marahaba, mwalimu mwenzangu, na pole. Kwanza nikupongeze kwa kutoa imla, maana wengine hawaitoi kwa kuogopa kuona hayo maajabu. Kunakili ni kuchora. Mtoto anaweza kunakili hata maandishi ya lugha asiyoijua. Imla ndiyo inayokufunulia kilichomo kichwani.

Nawe yasome hayo makosa kabla hujayapiga mkasi. Mtoto anayeandika nguwo ana sikio zuri. Sema "nguo" polepole, ushike midomo: kutoka u kwenda o midomo inapita mahali pa w. Sema "fagia", ulimi unapita mahali pa y. Amesikia kitu ambacho kweli kipo, ila hatukiandiki. Tofauti yake na mtoto anayeandika "ngamo" kwa nguo ni kubwa mno, na kalamu yako nyekundu inawapa wote alama ileile ya mkasi. Mwambie wa kwanza, "umesikia vizuri, lakini hapa hatuandiki w".

Ila usiwape kanuni ya jumla. Ukisema "baada ya u hakuna w", kesho watakuletea kua mahali pa kuwa, na kua nalo ni neno lake lenyewe, mmea unakua. Ukisema "baada ya i hakuna y", umeshaliua neno "hiyo", nalo wanaliandika kila siku. Wafundishe kwa familia. Wiki hii ni chukua, nunua, fungua, pasua. Wiki ijayo fagia, sikia, kimbia, ingia. Waziandike zikiwa pamoja, wazisome zikiwa pamoja, mwisho jicho litazoea na nunuwa itaonekana ngeni.

Mguu ni suala la makofi. M-gu-u, makofi matatu. Kila kofi lina irabu yake, isipokuwa m au n ikisimama peke yake kama katika mtu na nchi. Aliyeandika mgu ana makofi mawili tu, mwache ajihesabie mwenyewe agundue moja limepotea. Njia hiyohiyo inamaliza saa, kondoo, kaa na silabi ya mwisho ya "kichaa", na hutahitaji kusema maneno mengi.

Ng'ombe ndiyo napenda kuifundisha kuliko zote. Waambie wazibe pua kwa vidole viwili waseme "ngoma". Itatoka, imebanwa lakini inatoka. Sasa wajaribu kuivuta ng' ya mwanzo wa ng'ombe pua zikiwa zimezibwa vilevile. Haitoki kabisa, kwa sababu sauti hiyo njia yake yote ni puani. Darasa litapasuka kwa kicheko, liache licheke. Kisha chora ritifaa kubwa, yaani ile alama ya ', ubaoni na uwaambie hiyo ndiyo alama ya sauti ya puani. Ng'aa, ng'oa, ng'ombe. Ngazi, ngoma, nguo hazina. Usiichukulie ritifaa kama pambo la kuwekwa baadaye, maana kwao ng' ni sauti nyingine kabisa na ina haki ya kipindi chake.

Mzigo wa madaftari uupunguze leo. Imla iwe ya maneno matano, si ishirini. Ukimaliza kutamka, andika maneno ubaoni, kila mtoto alinganishe na lake, herufi kwa herufi, akosoe mwenyewe kwa kuliandika upya pembeni bila kufuta la kwanza. Muda huo wewe pita safu moja tu, uone kwa macho. Kesho safu nyingine. Mtoto hujifunza pale anapolitafuta kosa lake mwenyewe, na wino mwekundu alioukuta asubuhi baada ya kusahau hata neno lenyewe haumsaidii kitu.

Na wale wa nyuma kabisa ambao imla yao haifanani na chochote, walete mbele wiki moja kabla ya kuwahukumu. Wapo ambao hawasikii vizuri, na hakuna aliyewahi kujua.

*Mwalimu, shule ya mwanangu inafundisha kwa Kiingereza. Jirani ananiambia niache kumfundisha kusoma Kiswahili nyumbani, eti atachanganyikiwa. Mtoto mwenyewe Kiswahili ndiyo lugha anayoizungumza.*
*Mama Wawili*

Jirani yako simuungi mkono. Mwaka 2003 mtafiti Philip Seymour na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wa darasa la kwanza wa nchi mbalimbali za Ulaya, kila mtoto akisoma maneno ya lugha yake. Watoto wa Finland, Italia na Hispania walikuwa wakiyapata karibu maneno yote. Wale wa Scotland, waliokuwa wakijifunza kwa Kiingereza, walipata kama theluthi moja tu. Hawakuwa wajinga kuliko wenzao. Kiingereza kimeandikwa kwa mtindo ambao a ya cat si a ya cake, wala si a ya call, na mtoto anatakiwa kuyajua yote hayo.

Kiswahili kiko upande wa Kifini na Kihispania: irabu tano, kila moja na sauti yake, leo na kesho. Mwache mtoto agundue siri ya kuunganisha sauti kwenye lugha inayomrahisishia, tena anayoielewa. Siri hiyo haigunduliwi mara mbili, ataibeba aende nayo kwenye Kiingereza. Ataisoma i ya Kiingereza kama ya Kiswahili kwa muda, ni kweli. Mwambie tu "hiki ni kitabu cha Kiingereza, sauti zake nyingine", watoto hulielewa hilo upesi kuliko sisi tunavyodhani.

*Mwalimu, ninaandikiwa barua hii na mjukuu wangu mkubwa. Mimi kusoma sikujaliwa. Mdogo wake yuko darasa la pili, anasoma haraka haraka, lakini nikimuuliza kitabu kimesema nini, hajui. Tena siku hizi kitabu anakiweka karibu na pua. Mzee asiyejua herufi atamsaidiaje mtoto kusoma?*
*Babu Mlezi*

Shikamoo Babu. Swali lako nimeliweka la mwisho ili nipate nafasi ya kulijibu vizuri.

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliandika kwamba kusoma ni hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kuyatamka maandishi, mara uwezo wa kuielewa lugha. Walichagua kuzidisha na si kujumlisha kwa makusudi. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata ule mwingine uwe mkubwa namna gani. Shule inahangaika na upande wa kwanza, na kwa mjukuu wako inaelekea imefanikiwa. Upande wa pili wewe unao tele. Maneno, visa, mafumbo, methali, majina ya vitu na ya hisia: mtoto aliyeyasikia kwa babu, akikutana nayo kitabuni anakuwa anawatambua watu anaowafahamu tayari.

Kwa hiyo mhadithie kila mara, nawe umwambie akuhadithie. Akisoma, akae ubavuni kwako asome kwa sauti, na umkatize. Sentensi mbili tu, halafu: "Ehe, nani huyo? Anakwenda wapi? Unadhani atafanya nini?" Akishindwa, arudie sentensi hizo polepole, umuulize tena. Usingoje mwisho wa ukurasa, atakuwa ameshasahau mwanzo. Hiyo haraka yake inatokana na kudhani kwamba kazi ya msomaji ni kumaliza, na asiyejua herufi ndiye anayefaa kumwondolea dhana hiyo, kwa kuwa wewe kweli unataka kujua kitabu kinasema nini, na yeye ndiye pekee wa kukwambia. Mwalimu anapouliza, mtoto anajua fika kwamba mwalimu jibu analo tayari.

Lakini hilo la kitabu kuwekwa karibu na pua, Babu, lisisubiri hadithi hata moja. Apelekwe akapimwe macho wiki hii, na hayo mengine yote yafuate baadaye.